Gari la sloti lenye mota mbili: kwa nini pua huchomoka kwenye kona

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba umejenga gari la sloti, yaani gari dogo la umeme la mashindano linalofuata mfuo uliochongwa kwenye njia yake, la kipimo cha 1/24 (mara 24 dogo kuliko gari halisi), kwa mtindo wa miaka ya 1960, lenye mota moja mbele na nyingine nyuma, kwamba mota hizo umeziunga kwa mfuatano ili zisile umeme mwingi, na kwamba kila gari linapotoka kwenye kona pua hunyanyuka na ulimi wa kuongozea huchomoka kwenye mfuo. Unataka kujua kama kosa liko kwenye waya au kwenye fremu, na kama ingekuwa heri kutumia mota moja yenye mkanda wa kupeleka nguvu mbele. Nimejenga magari matatu ya aina hii, na la kwanza lilikuwa na matatizo yako yote pamoja na mengine mawili niliyojitafutia mwenyewe, kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Makosa yako pande zote mbili, ila la fremu ndilo zito zaidi.

Katika gari la kawaida la sloti, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, magurudumu ya mbele ni kama pambo. Mjenzi huyaacha yaguse njia kidogo tu, au yasiguse kabisa, na uzito wa pua hukaa juu ya ulimi, ambao ndio unaozibana nyuzi za shaba zilizosukwa dhidi ya vipande vya umeme vya pembeni mwa mfuo. Unapoyapa magurudumu ya mbele kazi ya kuvuta, ni lazima uyape na uzito wa kuyashikisha chini, na kila gramu unayoyapa unaiondoa kwenye ulimi. Ikiwa ulimi wako umelehemiwa moja kwa moja kwenye fremu, na matairi ya mbele yakawa makubwa kuliko ulivyokadiria hata kwa nusu milimita, basi ulimi unaning'inia. Ukifungua kontrola, yaani kifaa cha mkononi cha kuongezea na kupunguzia umeme, uzito unahamia nyuma, nyuzi zinaachana na umeme, mota zinanyamaza kwa kitambo kifupi, pua inarudi chini, umeme unarudi, na mchezo unaanza upya. Gari hudundadunda kama linalopita kwenye matuta, kisha kwenye kona ulimi hutoka.

Dawa yake walikwisha kuijua wajenzi wa miaka ile ile unayoiiga, nayo ni mkono unaocheza. Badala ya kuufunga ulimi kwenye fremu, unaufunga kwenye mkono mwepesi wa shaba wenye bawaba nyuma ya ekseli ya mbele, ili ulimi ukae chini kwa uzito wake wenyewe hata pua ikinyanyuka. Bawaba yangu ni kipande cha mrija wa shaba kinachozunguka juu ya waya mgumu wa chuma, na nimeweka kizuizi kinachouruhusu mkono kushuka milimita moja na nusu tu chini ya usawa wa matairi. Ukishuka zaidi ya hapo, gari linaloruka kidogo hutua ulimi ukiwa umepinda, na hapo unapata tatizo jipya. Juu ya mkono, karibu kabisa na ulimi, nimebandika kipande cha risasi cha gramu sita. Nilijaribu springi kabla ya risasi, lakini springi husukuma pande zote mbili: inaubana ulimi chini na wakati huohuo inainyanyua fremu, yaani inayapunguzia magurudumu ya mbele uzito uleule ulioyatafutia.

Ugumu ni kwamba mkono huo lazima upite chini ya ekseli ya mbele, mahali ambapo tayari kuna krauni, yaani gia kubwa ya kwenye ekseli. Mkono wangu wa kwanza ulikuwa bapa moja pana, na krauni iliusaga taratibu hadi ikachora mfereji ndani yake, huku nikidhani kwamba kelele ile inatoka kwenye beringi. Sasa ninautengeneza kwa fito mbili zinazopita kila upande wa krauni na kukutana mbele, mfano wa panda ya manati. Kwa kuwa pinioni, gia ndogo ya kwenye mota, iko katikati na krauni imekaa ubavuni mwake, nafasi za pande mbili hazilingani, na haina haja ya kuzilazimisha zilingane.

Tuje kwenye waya. Mota mbili zilizoungwa kwa mfuatano hupitisha mkondo uleule na kugawana volti. Magurudumu yote yakishika vizuri, kila mota hupata takriban volti 6 kati ya 12 za njia, na gari hutembea kwa upole na bila kasoro. Kwenye kona mambo hugeuka. Magurudumu ya nyuma yakiteleza, mota ya nyuma huongeza kasi, na mota inayozunguka kwa kasi huzalisha volti pinzani kubwa zaidi, kwa hiyo hujichukulia sehemu kubwa ya zile 12. Ya mbele, ambayo magurudumu yake bado yameshika, huachiwa makombo. Anayeteleza hulishwa na anayevuta hufungiwa chakula. Ukiziunga sambamba, kila mota hupata volti zote 12 bila kujali mwenzake anafanya nini. Inayoteleza haiwezi kuvuka kasi yake ya juu, na inayoshika huendelea kuvuta. Mimi nilibaki na mfuatano kwa wiki tatu kwa ukaidi tu, nikibadilisha matairi kila jioni, na siku nilipobadilisha waya matairi hayakuwa tatizo tena.

Sambamba ina gharama yake, ambayo ni mkondo maradufu. Toa waya wa kila mota moja kwa moja hadi kwenye ulimi, usiupitishe kwenye mota ya mbele ili kuifikia ya nyuma, na tumia waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba, kwa sababu waya mgumu huuvuta ulimi pembeni na kuufanya ukatae kurudi katikati. Kontrola nayo lazima ibadilishwe. Kama ya kwako ni ya kizamani yenye ukinzani wa omu 45 na ilikufaa kwa mota moja, kwa mbili zilizo sambamba utahitaji kiasi cha nusu yake, la sivyo gari litasimama kimya hadi katikati ya mwendo wa kifyatuo cha kontrola kisha liruke ghafla. Kama chanzo cha umeme ni kidogo, volti zitashuka kila unapoondoka, na utalilaumu gari bure.

Kabla ya kuzifunga mota kwenye fremu, hakikisha zinalingana, kwani hata za kiwanda kimoja na aina moja hutofautiana, na za zamani hutofautiana zaidi kwa sababu sumaku zake zimechoka kwa viwango tofauti. Jaribio langu ni rahisi. Ninachukua mota ya tatu, yoyote ile, ninaiunganisha na mota ninayoipima kwa kipande cha mpira wa silikoni kilichovikwa kwenye mihimili yote miwili, ninaiendesha ile ya tatu kwa volti zisizobadilika, kisha ninapima volti zinazotoka kwenye ile inayozungushwa. Ninarudia kwa mwenzake. Inayotoa volti nyingi kwa kasi ileile ndiyo itakayokuwa ya polepole ndani ya gari. Ukikosa kipima volti, ziendeshe zote mbili pamoja kwenye chanzo kimoja na usikilize: zikikaribiana kasi, mlio wake hupanda na kushuka kama wimbi, na kadiri wimbi hilo linavyokuwa refu ndivyo zinavyolingana.

Zisipolingana si lazima uzitupe. Kwa kuwa hakuna shafti inayoziunga, tofauti ndogo humezwa na mota zenyewe, na iliyobaki unaisahihisha kwa tairi. Mota ya mbele ikiwa na kasi zaidi kwa asilimia 4 na gia zikiwa sawa, tairi la nyuma la milimita 20 linataka tairi la mbele la milimita 19.2. Mimi huenda mbali kidogo ya hapo na kuliacha la mbele liwe dogo zaidi kwa asilimia moja au mbili, kwa sababu katika magari yangu yote matatu pua iliyovuta kuliko nyuma ilikuwa na tabia ya kupanda nje ya mfuo, wakati nyuma iliyosukuma kidogo ilililaza gari vizuri. Matairi ya mbele yawe membamba na magumu kuliko ya nyuma. Magurudumu mawili yaliyofungwa kwenye ekseli moja isiyokata kona hukwaruza njia kila mzunguko, na mpira laini mbele hulifanya gari likatae kupinda.

Kuhusu mwelekeo wa kuzunguka, ambao huwachanganya wengi, shika jambo hili. Mota zikiwa zimelala kwa urefu wa gari, ya mbele ikielekeza pinioni mbele na ya nyuma ikielekeza pinioni nyuma, weka krauni zote mbili upande mmoja wa gari, kushoto zote au kulia zote. Hapo mota zote mbili zitazunguka upande uleule zikitazamwa kila moja kutoka kwenye pinioni yake, nyaya zitaungwa kwa namna moja, na gari litakwenda mbele. Ukiweka krauni moja kushoto na nyingine kulia itakubidi ugeuze nyaya za mota moja, na mota ambayo brashi zake, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka (rota), zimesogezwa ili iende vizuri upande mmoja haipendi kugeuzwa. Itapata moto na nguvu zake zitapungua. Faida nyingine ni kwamba rota mbili zikitazamwa kutoka mbele ya gari huzunguka pande zinazopingana, kwa hiyo kule kujipinda kwa fremu mota zinapoanza kwa ghafla kunajifuta.

Juu ya kulehemu sina mengi. Lehemu kila kitu kabla ya kuingiza mota, osha flaksi ya asidi (dawa ya kusafishia chuma wakati wa kulehemu) kwa maji ya moto na sabuni, kwani mvuke wake ukiingia kwenye beringi na komutata, ile sehemu inayoguswa na brashi, utaanza kuona kutu baada ya siku chache, na hakikisha bushi za kila ekseli zimenyooka kwa kupitisha fimbo moja ya chuma kabla risasi ya kulehemia haijapoa. Lile tatizo la pili nililojitafutia mwenyewe lilikuwa hilo la flaksi.

Uliuliza kama mkanda na mota moja ni bora. Inategemea unaiga gari gani. Gari halisi la Ferguson P99, ambalo dereva Stirling Moss alishinda nalo mashindano ya Oulton Park, Uingereza, mwaka 1961, lilikuwa na injini moja mbele na shafti za kupeleka nguvu kwenye ekseli zote mbili, na Lotus 63 ya mwaka 1969 nayo ilikuwa na injini moja. Kwa magari hayo mota moja ndiyo uaminifu. Lakini mwaka 1946 lilikuwepo kwenye mashindano ya Indianapolis, Marekani, gari liitwalo Fageol Twin Coach Special, lenye injini mbili za Offenhauser, moja ikiendesha magurudumu ya mbele na nyingine ya nyuma. Dereva wake, Paul Russo, alilipanga katika nafasi ya pili kwenye mstari wa kuondokea, ingawa aligonga ukuta kabla ya kufikisha mizunguko 20. Mpangilio wake ndio mpangilio wa gari lako, na bodi yake ndefu inaficha mota mbili bila kulalamika. Bodi nyembamba za 1969 nilizijaribu, na nililazimika kukata sakafu ya dereva hadi akabaki kichwa na mabega.

Usitarajie kwamba mota mbili zitalifanya gari kuwa la kasi zaidi kwenye sehemu zilizonyooka. La kwangu lina gramu 165, na gari jepesi la mota moja hulipita pale bila taabu. Faida iko kwenye breki. Ukiachia kifyatuo, kontrola hufunga mzunguko wa umeme, kila mota hugeuka jenereta iliyofungiwa, na magurudumu manne hushika breki badala ya mawili. Uzito unapohamia mbele, katika gari la kawaida breki za nyuma hudhoofika. Katika hili, zile za mbele ndizo zinazozidi kushika, na pua hubaki chini, ulimi ukiwa ndani ya mfuo wakati unapouhitaji zaidi. Ninaachia kifyatuo kwa kuchelewa kuliko wenzangu, na hapo ndipo ninapowafikia.

Kwa hiyo badilisha waya kwanza, maana ni kazi ya nusu saa, kisha weka gari juu ya kioo chenye ukingo ulionyooka, ulimi ukining'inia nje, na uone kama matairi yote manne yanagusa. Usikate fremu bado. Kama bawaba haitapata nafasi nyuma ya krauni, tuambie umbali kati ya ekseli ya mbele na mwisho wa mota, maana kuna namna ya kuiweka ubavuni mwa mota ambayo niliitumia kwenye gari la tatu.