Mabursa (watunza hesabu) wapya wa shule za kanisa, kabla hamjaomba pesa za ukarabati

Wiki hii nimepitia ombi jingine la fedha za NG-CDF (mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge) lililoandikwa na bursa mgeni hapa Nairobi: madarasa, vyoo, halafu chini kabisa, kwa aibu kidogo, "nyumba ya padri". Wadogo zangu, nawapenda, lakini mnanizeesha.

1. Jueni shule ni ya nani. Kuanzia Sheria ya Elimu ya 1968, shule nyingi za misheni zikawa za umma na makanisa yakabaki wafadhili, ila ardhi mara nyingi bado imeandikwa jina la wadhamini wa kanisa. Ombeni barua yao ya ridhaa mapema. Askofu haandiki barua kwa sababu wewe una haraka. Na kama shule ni ya kibinafsi, hii foleni si yenu.

2. BQ, yaani orodha ya vifaa, kazi na gharama zake, itoke kwa maafisa wa Kazi za Umma, si kwa fundi wa mtaani.

3. Sheria ya NG-CDF ya 2015 inakataza fedha hizo kusaidia mashirika au shughuli za dini. Naijua kwa machungu. Tulikuwa tumeezeka bweni, salio likabaki, na kanisa dogo la shule lilikuwa likivuja hadi wanakwaya wanaimba wakikwepa matone. Fada akaja ofisini kwa upole wake: "Mama, si wanaosali humo ni wanafunzi hao hao?" Nani angembishia? Nikaandika kwenye vocha ya malipo "ukumbi wa mikutano". Mwalimu mkuu akatia sahihi, mwenyekiti wa bodi naye akatia, kila mmoja akijua ukumbi huo una madhabahu. Mkaguzi alipokuja akaomba kuuona. Akasimama mlangoni, akatazama msalaba, akatazama vocha, akaniuliza mikutano hiyo huongozwa na nani. Sikuwa na jibu lisilo dhambi.

Waumini walichanga harambee kurudisha pesa, na aliyesimama mbele yao kueleza ni mimi. Tulipoomba vyoo baadaye, tukaambiwa tufunge kwanza hoja ya ukaguzi. Wasichana wakaendelea kupanga foleni kwenye vyoo vile vile vibovu kwa ajili ya mabati yangu. Salio likibaki, lirudi kwenye akaunti ya eneo bunge, au mwombe kibali cha maandishi kulielekeza kwingine. Paa la kanisa lina harambee yake.

4. Mkandarasi awe amesajiliwa na NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi. Lipigeni picha jengo kabla fundi hajagusa msumari.

5. Kamati ya mradi iwe na akaunti yake. Msiichanganye na ya karo hata siku moja, hata mkiahidiwa "tutarudisha Jumatatu". Na vocha zikae kwenye faili ya ofisi, nakala mbili, si kwenye droo ya mwalimu mkuu anayesubiri barua ya uhamisho kutoka TSC, tume inayoajiri walimu.