Uliza Ujibiwe: Soko jipya, majina mapya

SWALI: Soko letu lilivunjwa lijengwe upya. Tulihesabiwa tukapewa vikaratasi vya nambari. Sasa orodha imebandikwa, jina langu halimo, ila wamo watu ambao hatujapata kuwaona wakiuza hata fungu la mchicha. Tunaambiwa ilikuwa kura, hakuna wa kulaumiwa. Ni kweli?
Muuza mbatata, Mombasa

JIBU: Kura si jibu. Mgao wa soko una maswali mawili: nani anastahili meza, na apate meza ipi. La kwanza hujibiwa na daftari la siku ya kuhesabiwa. La pili ndilo la kura. Ujanja wa kawaida ni kuyatia yote kikapu kimoja. Tuseme mlihesabiwa 240 na meza ni 300: nyote mnaenea, 60 zinabaki kwa wageni. Lakini kikapu kikitiwa majina 600, hata kura ikiwa safi kama maji ya mvua, karibu nusu yenu mtatoka mikono mitupu. Mchezo ulikwisha siku majina yalipoongezwa.

Kwa hivyo dai daftari kwanza. Masoko ni kazi ya kaunti, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika ombi kwa Kiswahili. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na yaweza kujiongezea mara moja tu, zisizidi 14. Ombi halilipiwi; unalipia kutoa nakala. Taja unachotaka: daftari la kuhesabiwa, orodha ya waliogawiwa, kanuni iliyotumika, kumbukumbu za kikao. Ukiandika “tunataka haki yetu” utajibiwa kwa maneno matamu. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wenye tarehe. Bila muhuri, siku 21 hazina mwanzo. Ukinyimwa, nenda Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

Barua ya pili iulize kwa nini wewe uliachwa. Sheria ya 2015 ya uamuzi wa haki wa kiutawala inawapa siku 30 kukupa sababu kwa maandishi. Wakinyamaza, huchukuliwa kwamba sababu nzuri haikuwepo, mpaka wao wathibitishe vingine.

Ushahidi ndio huwaangusha wengi. Risiti za ushuru za mashine hufifia, na joto letu huzimaliza upesi zaidi: zitolee nakala leo. Kama ulilipa kwa M-Pesa, omba taarifa ya miezi yote. Risiti haikufanyi mwenye meza, inaonyesha ulikuwepo. Tena nyingi hazina jina. Ziambatanishe na leseni, kile kikaratasi cha nambari, na maandishi ya jirani wa kulia na wa kushoto yenye nambari zao za kitambulisho.

(Kwa masoko ambayo hayajavunjwa: daftari lifungwe jioni ileile ya kuhesabiwa. Pigeni mstari chini ya jina la mwisho, mtie sahihi kila ukurasa, na kila safu ya meza ibaki na picha za daftari hilo.)

SWALI: Mimi nilipata, lakini ghorofani, na wateja hawapandi. Nipangishe meza nirudi barabarani?
Muuza nyanya, Mombasa

JIBU: Soma barua yako ya mgao kwanza. Ikikataza kupangisha, waweza kunyang'anywa. Na kila meza inayopangishwa ni hoja mkononi mwa anayesema wa zamani hamzitaki.

Shida yenu ni mpangilio. Nyanya zikiuzwa chini pia, nani atapanda ngazi na kikapu? Anayekwenda kwa fundi cherehani hupanda, maana amekwenda kwake makusudi. Daini bidhaa moja ikae ghorofa moja, mboga chini, nguo na mafundi juu, halafu kura ipigwe ndani ya kila kundi. Dai hilo lipelekeni kwa pamoja kwenye bunge la kaunti kama ombi rasmi, lenye majina na nambari za meza. Na liguse lango pia: nyanya zikiuzwa pale nje, hata hao wa chini hawatauza.