Vitenzi vya maneno mawili vya Kiingereza: vipange kwa safari

Ndugu yangu wa Lindi, umeeleza kwamba umekariri orodha ya vitenzi vya maneno mawili, vile ambavyo Waingereza huviita "phrasal verbs", kuanzia herufi A hadi mwisho, na kwamba mgeni akisimama mbele yako hotelini vyote vinakupotea. Nimewaendesha wageni kati ya Mtwara, Mikindani, Lindi na Kilwa Masoko kwa miaka 11, nami nilianza na orodha ya namna hiyo hiyo. Usiilaumu kumbukumbu yako, kwa sababu alfabeti hukusanya pamoja maneno ambayo hayakutani kamwe katika siku ya mtu, ilhali maneno ya safari hufuatana kama vituo vya basi.

Anza pale mgeni anapotua Mtwara. Kumfuata uwanjani ni "pick up", na sisi tunacho kitenzi kinachokaribia sana maana hiyo, yaani kumpitia mtu. Ukisema "I will pick you up at six", umesema nitakupitia saa kumi na mbili, kwa hiyo zingatia tofauti ya saa sita kati ya hesabu yao na yetu. Kumshusha Mikindani ni "drop off", kujiandikisha hotelini ni "check in", na kuondoka baada ya kulipa ni "check out". Kuanza safari ni "set off", ambacho hakibadiliki katika wakati uliopita. Mimi nilikishika kwa kuwaeleza wageni kwamba David Livingstone alianzia Mikindani safari yake ya mwisho ya kuelekea bara, mwaka 1866: "Livingstone set off from here".

Penye ugumu zaidi ni kupanda na kushuka, kwa sababu sisi tunapanda kila chombo kwa kitenzi kimoja. Chombo ambacho unaweza kusimama na kutembea ndani yake, kama basi, meli au ndege, huchukua "get on" na "get off", lakini teksi au boti ndogo ya kuvukia Kilwa Kisiwani, ambamo unaingia na kuketi tu, huchukua "get in" na "get out". Mwaka wangu wa kwanza niliwaambia wageni wawili garini "get down", nikikusudia washuke, nao wakainamisha vichwa kwa hofu wakidhani kuna hatari mbele yetu. Niliwaomba radhi, na jioni ile nikaanza daftari jipya.

Katika daftari hilo niligundua kwamba neno dogo la pili ndilo linalobeba kazi kubwa. "Off" mara nyingi huonyesha kuachana: "get off" ni kuachana na basi, "take off" ni ndege kuachana na ardhi au viatu kuachana na miguu mlangoni mwa msikiti, na "turn off" ni kuiacha barabara kuu, kama tunavyofanya Nangurukuru tunapochepuka kwenda Kilwa Masoko. Hilo linafanana na tunavyotengua maana kwa mnyambuliko, tukapata fungua kutoka funga na pangua kutoka panga. Kanuni hii haitoshi mahali pote, kwani "put off" ni kuahirisha, na hicho hujifunzi ila kwa kukitumia.

Liko pia suala la mpangilio. Unaweza kusema "pick up the guests" au "pick the guests up", lakini ukitumia kiwakilishi sharti kikae katikati, "pick them up", kama vile "wa" inavyokaa katikati ya "nitawapitia". "Look after", yaani kutunza, hakikubali kutenganishwa, kwa hiyo ni "look after them" daima.

Mwisho, jihadhari na neno letu wenyewe. Waingereza walilichukua "safari" wakalibana maana, likawa hasa matembezi ya kutazama wanyama pori. Ukimwambia mgeni kwamba jana ulikuwa na safari ya Masasi, atakuuliza umeona simba wangapi. Sema "trip", na ikiwa ulikwenda msibani, sema tu "I went to Masasi for a funeral".