Askari Waliofungana na Tarakimu Inayopotosha

Ninyi mnaoanza kuchambua michezo yenu ya sataranji kwa kompyuta, naomba mpange kwanza mkao ambao huwapangia wanafunzi wangu wote kabla hawajawasha programu yoyote. Weupe wana askari katika a4, c4, e4 na g4, wengine wawili nyuma yao katika c3 na e3, na mfalme wao yuko e2. Weusi wana askari wanne tu, a5, c5, e5 na g5, na mfalme wao yuko e7.

Programu inayotegemea hesabu ya kete itaona askari sita dhidi ya wanne na kuwapa weupe alama za ushindi. Lakini tazameni mstari wa nne: miraba ya b4, d4, f4 na h4 yote inalindwa na askari weusi, na iliyobaki imekaliwa na askari weupe wenyewe, hivyo mfalme mweupe hana mlango wa kupita. Mstari wa tano unamzuia mfalme mweusi vivyo hivyo, na hakuna askari anayeweza kusogea wala kula. Kwa sheria za FIDE, shirikisho la kimataifa la sataranji, mchezo huu umekwisha papo hapo kwa sare, kwa sababu hakuna mfululizo wa hatua halali unaoweza kumfunga mfalme yeyote.

Mtu huliona jambo hilo kwa kutazama njia za mfalme. Programu hulitafuta kwa kujaribu hatua moja baada ya nyingine. Kanuni ya hatua 50 huhesabu hatua 50 za kila upande bila askari kusogea wala kete kuliwa, yaani zamu 100, kabla ya sare kuweza kudaiwa, na programu iliyochungulia zamu 30 mbele haijaufikia mwisho huo: inachokiona ni wafalme wakitembea na faida ya askari wawili ikiwa palepale. Stockfish, programu mashuhuri ya sataranji, ilipoongezewa mtandao wa neva mwaka 2020 makadirio yake yaliboreka sana, lakini ngome za namna hii, yaani mikao ambayo upande wenye kete pungufu haupenyeki, bado zinahitaji jicho lenu.

Nilipokuwa mwanafunzi niliandika "ushindi" kando ya mikao mingi kwa kuiamini tarakimu ya skrini, na ilinigharimu muda mrefu kuirudia yote ubaoni. Siku hizi, zikibaki kete saba au pungufu, wafalme wakihesabiwa, hufungua majedwali ya Syzygy, yaani hifadhi ya matokeo yaliyokwisha kukokotolewa ya mikao yenye kete chache, ambayo ya kete saba yalikamilika mwaka 2018, na jibu lake nalipokea bila shaka. Zikiwa zaidi ya saba, huichezesha programu pande zote mbili hatua ishirini hivi. Tarakimu ikibaki ileile na askari wasisogee, huifunika skrini na kutafuta mraba ambao mfalme angepitia.