Re: Baba mdogo anasahau ya leo, ya zamani anayakumbuka

Dada, pole sana. Umeuliza imekuwaje baba mdogo, tangu aanguke na bodaboda pale Mafinga, anasimulia utoto wake wa Njombe vizuri kabisa ila hajui kama asubuhi kanywa chai, na bado akishika randa mkono haukosei. Hafanyi makusudi. Ubongo hautunzi kila kitu mahali pamoja.

Mwaka 1953 huko Marekani, Henry Molaison alipasuliwa kutibiwa kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi (sehemu ya ubongo inayosaidia kushika kumbukumbu mpya), kushoto na kulia. Ya zamani mengi alibaki nayo, mapya hayakushika. Mwanasaikolojia Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Kila siku alisema hajawahi kuifanya, lakini mkono ulizidi kuwa mwepesi!

Kwa hiyo mwacheni apige randa, mtu akiwa karibu. Na tafadhali msimwambie "si nimeshakwambia?", inamuumiza mno. Hapa Iringa mama yangu tulikuwa tunamwandikia siku na tarehe kwa chaki mlangoni, akiisoma anatulia. Ila kichwa kikizidi kumuuma, akitapika au akilala usingizi usio wa kawaida, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.