Kitambaa kinabuniwa kwenye sindano: maswali yenu kuhusu kufuma kwa mashine

Barua nyingi za safari hii zimetoka sehemu za baridi, kule ambako mashine za sweta za shule hazipumziki kuanzia Novemba hadi shule zifunguliwe Januari. Kilichonifurahisha ni kwamba wanaoandika hawaulizi tena jinsi ya kufuma sweta ya bluu yenye shingo ya V. Wanauliza jinsi ya kubuni kitambaa chenyewe. Maswali nimeyafupisha.

Shikamoo mwalimu. Nina cheti cha ushonaji na nimeshona magauni kwa miaka kadhaa. Sasa nataka kujifunza kufuma kwa mashine. Nianzie wapi? (Fundi wa kike, Njombe)

Marahaba, mwanangu. Mshonaji hupokea kitambaa kikiwa tayari, akakata, akaunganisha. Mfumaji anakitengeneza kitambaa na umbo la nguo kwa wakati mmoja. Chukua kipande cha kitenge na fulana iliyochakaa uvichunguze kwa karibu. Kitenge ni nyuzi zinazopishana, wima na mlalo. Fulana ni vitanzi vilivyopita ndani ya vitanzi vingine, ndiyo maana inavutika, na ndiyo maana kitanzi kimoja kikikatika tundu linakimbia.

Kabla ya kufuma chochote, ondoa kigari (kile unachokisukuma kushoto na kulia juu ya sindano), shika sindano moja na uisogeze kwa kidole taratibu. Ina ndoano kichwani na kilimi kidogo kinachofunguka na kufunga. Ukiisukuma mbele, kitanzi cha zamani kinafungua kilimi na kuteleza hadi nyuma yake. Weka uzi mpya kwenye ndoano, kisha irudishe sindano. Kitanzi cha zamani kitakisukuma kilimi kifunge, kitapanda juu yake na kuanguka mbele, na uzi mpya utakuwa umevutwa ndani yake. Huo ndio ufumaji wote. Sindano hii ya kilimi ilibuniwa Uingereza na Matthew Townsend wa Leicester katika miaka ya 1840, na kanuni yake bado ndiyo inayoendesha mashine kubwa za viwandani.

Sindano yako inaweza kufanya mambo matatu. Ikienda mbele kabisa, inafuma kitanzi cha kawaida. Ikienda nusu, kitanzi cha zamani hakivuki kilimi, kwa hiyo vitanzi viwili vinakaa pamoja kwenye ndoano: hapo sindano imekusanya. Ikibaki ilipo, uzi unapita mbele yake bila kushikwa: hapo imeruka. Ongeza na kukihamisha kitanzi kwenda sindano ya jirani, jambo linaloacha tundu la nakshi. Mitindo karibu yote utakayoiona kwenye vitabu imetokana na hayo.

Zoezi la wiki ya kwanza ni hili. Tumia uzi uleule, namba ileile ya mkazo (inayoamua ukubwa wa kitanzi), sindano 40. Fuma kipande kimoja cha kawaida, kingine cha kukusanya sindano moja na kufuma moja, cha tatu cha kuruka moja na kufuma moja. Cha kukusanya kitatoka kipana, kifupi na chenye matuta laini. Cha kuruka kitatoka chembamba na kizito. Hujabadilisha uzi wala idadi ya sindano, na bado una vitambaa vitatu tofauti. Ukishaviweka mezani vyote vitatu, utaelewa kwa nini nasisitiza muundo kabla ya michoro.

Nimepata mashine ya mtumba kutoka Japani, muuzaji anasema ni nzima. Nikague nini? (Msomaji, Arusha)

Kagua kwanza usichokiona. Mashine nyingi za nyumbani, Brother na Silver Reed zikiwemo, zina ubao mwembamba wa bati unaopita juu ya sindano kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ndani yake mna sifongo inayozikandamiza sindano zitulie. Sifongo hiyo huchakaa hata kama mashine haijawahi kutumika, kwa sababu inaoza yenyewe kwa umri. Ikishalala, sindano zinacheza, vitanzi vinadondoka, na mnunuzi anadhani mashine ni mbovu. Chomoa ubao huo mbele ya muuzaji. Ukikuta sifongo imekuwa unga au gundi, punguza bei, kisha ubadilishe. Ni kazi ndogo.

Pili, geuza kigari uangalie chini yake. Oili ya zamani hugandamana ikawa kama nta, na vyuma vinavyopaswa kusogea vinakwama. Safisha, kisha weka oili ya cherehani kidogo. Usiweke mafuta ya kupikia, tafadhali. Yanaganda vibaya zaidi.

Kuhusu geji, yaani umbali kati ya sindano na sindano: ya kujifunzia ni milimita 4.5, ambayo kwa kawaida ina sindano 200. Inakubali uzi wa sweta za kawaida na ina mitindo mingi. Mashine ya milimita 9 ni ya uzi mnene sana, kazi yake inaenda haraka lakini michoro inatoka mikubwa. Zile za vitanda viwili, yaani safu mbili za sindano zilizoinamiana, ambazo karakana za sweta za shule huzisukuma kwa mkono siku nzima, ni imara kweli, ila ni nzito na zinahitaji mtu wa kukuonyesha. Na kumbuka kwamba Brother hawatengenezi tena mashine za kufuma, kwa hiyo sindano za akiba zinunue siku hiyohiyo ukizikuta.

Vitanzi vyangu vinadondoka kila mara. Tatizo ni uzi au mimi? (Mwanafunzi, Nakuru)

Angalia vinadondokea wapi. Vikidondoka kwenye sindano ileile kila safu, sindano hiyo imepinda au kilimi chake kimekwama, ibadilishe. Vikidondoka pembeni tu, umeacha mizigo ya kuvutia kitambaa ikashuka chini sana. Ipandishe mara kwa mara karibu na sindano za ukingoni. Vikidondoka ovyo katikati, uzi ndio unaokwama njiani. Usifume moja kwa moja kutoka kwenye shada la dukani. Uzungushe kwanza kwenye koni, na wakati unazungusha upitishe juu ya kipande cha mshumaa ili uteleze. Weka koni sakafuni, chini kabisa ya mlingoti wa uzi, ipande wima bila kugusa kitu.

Nataka kuweka michoro ya kanga kwenye sweta na shali: korosho, pindo, hata jina. Inawezekana? (Mwanafunzi wa ubunifu, Dar es Salaam)

Inawezekana, na swali lako nimelipenda kuliko yote. Lakini kanga huchapwa, rangi inakaa juu ya kitambaa kilichokwisha kuwepo. Wewe utaufuma mchoro kitanzi kwa kitanzi, na vitanzi vina masharti yake.

Sharti la kwanza ni umbo la kitanzi. Kitanzi ni kipana kuliko urefu wake. Kwenye mashine ya milimita 4.5, sentimita 10 za kitambaa huchukua vitanzi kama 30 kwa upana lakini safu kama 40 kwa urefu. Ukichora duara la miraba 30 kwa 30 kwenye karatasi ya hesabu, litafumwa likiwa na upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 7.5. Korosho yako itaonekana imekaliwa. Kwa duara la kweli, upana wa vitanzi 30 unahitaji safu 40. Tengeneza karatasi yako mwenyewe yenye visanduku vifupi kwa uwiano huo, kisha chora humo.

Sharti la pili ni marudio. Kwa kawaida kadi ya matundu ya mashine hizi, inayoichagulia mashine sindano za mchoro, ina upana wa vitanzi 24, na mchoro unajirudia kila baada ya vitanzi 24 hadi mwisho wa kitambaa. Kwa hiyo kizio chako kiwe cha 24, au namba inayogawanya 24 sawasawa: 12, 8, 6, 4. Pindo la kanga linaupenda utaratibu huu kwa sababu nalo hurudia. Mji wa kanga, ule mchoro mkubwa wa katikati usio na marudio, kadi haiuwezi.

Sharti la tatu ni uzi unaosafiri nyuma. Ukifuma rangi mbili kwenye safu moja, rangi isiyotumika hupita mgongoni ikisubiri zamu yake. Ikipita vitanzi zaidi ya vitano hivi bila kushikwa, vidole vya mtoto vitanasa humo kila anapovaa. Maeneo makubwa matupu ya kanga yajaze nukta, kama walivyofanya wachoraji wa kanga wenyewe kwenye michoro mingi ya zamani. Mwenye mashine ya vitanda viwili anaweza kuufuma ule uzi wa nyuma kwenye kitanda cha pili, na mgongo ukatoka safi.

Sasa jina. Herufi zenye upana wa vitanzi vinne na nafasi ya kitanzi kimoja zinakupa neno la herufi nne ndani ya vitanzi 20, na vinne vinabaki kutenga neno na neno. HABA inaingia. Methali nzima haiingii. Dawa yake ni kulifuma pindo kiupande: herufi zilale, zipande pamoja na safu. Hapo urefu wa maneno hautegemei tena vitanzi 24, unategemea urefu wa kadi, na kadi zinaweza kuunganishwa. Ukimaliza, geuza pindo, liunge kwenye shali. Fuma kwanza neno moja la majaribio, maana mfumaji wa mashine hutazama mgongo wa kitambaa wakati wote, na herufi iliyogeuka hutaigundua mpaka umalize.

Sweta yangu imetoka pana na fupi ingawa nilipima kipande cha majaribio vizuri. (Mama wa watoto wawili, Mbeya)

Pole, dada. Nina hakika ulikipima kikiwa bado kwenye mashine, au muda mfupi baada ya kukitoa. Mizigo inakivuta kitambaa kwenda chini, kinakuwa chembamba na kirefu. Ukikipima hapo utahesabu vitanzi vingi mno na safu chache mno, na nguo ikishatulia inakuwa vile ulivyoandika.

Fuma kipande cha sindano 60, tia alama ya uzi wa rangi nyingine kwenye zile 40 za katikati, fuma safu 60 kati ya mistari miwili ya rangi. Kitoe, kilale usiku mzima. Kifue kama nguo itakavyofuliwa, kianike kimelala. Ndipo upime. Tuseme vitanzi 40 vimekuwa sentimita 13.8, hiyo ni vitanzi 2.9 kwa sentimita. Safu 60 zimekuwa sentimita 15. Hiyo ni safu 4. Kifua cha sentimita 90, ongeza 8 za kupumua, unapata 98, nusu yake 49. Zidisha kwa 2.9, unapata 142, ongeza viwili vya kuungia. Anza na sindano 144.

Uzi wa akriliki usiupige pasi ya moto. Utalala na hautainuka tena. Sufu nayo iogope maji ya moto, itasinyaa.

Vipande hivi usivitupe. Nunua daftari kubwa, kila kimoja kibandike na uandike pembeni aina ya uzi, namba ya mkazo, mpangilio wa sindano, na vipimo vyote viwili, kabla na baada ya kufua. Mwanafunzi wa Dar, nawe hili linakuhusu: ukienda kuomba kazi kwa mbunifu, beba daftari hilo. Linasema mengi kuliko picha za nguo zilizokamilika.

Huku Mombasa ni joto. Nani atanunua vitu vya kufuma? (Msomaji, Mombasa)

Watu wa Mombasa wanavaa fulana na soksi kila siku, na vyote vimefumwa. Tumia pamba nyembamba, legeza mkazo, fuma kwa kuhamisha vitanzi ili upepo upite. Shali za usiku, vitambaa vya meza, blauzi za nakshi. Ila pamba hairudi ikivutwa, kwa hiyo ribu, ule ukingo wa mistari ya kiunoni na mikononi, ifume kwa namba ndogo zaidi ya mkazo ili ikaze.

Je, nijifunze programu za kompyuta moja kwa moja? (Kijana, Kampala)

Jifunze, lakini mkono utangulie. Mashine za Shima Seiki za Japani na Stoll za Ujerumani zinaamriwa sindano kwa sindano: fuma, kusanya, ruka, hamisha. Ni maneno yaleyale niliyompa fundi wa Njombe. Kampuni ya Shima Seiki ilianzia kwenye glavu, na mwaka 1995 ilionyesha mashine inayofuma nguo nzima bila mshono. Wazo lake linaeleweka kirahisi ukiishika glavu kichwa chini: vidole viwili ni mikono, cha kati ni kiwiliwili. Mtu aliyewahi kupunguza vitanzi kwapani kwa mkono analiona hilo mara moja.

Kama tayari una Brother ya umeme ya zamani, kuna mradi huria uitwao AYAB unaoiunganisha na kompyuta, ukaweza kufuma picha bila kikomo cha vitanzi 24.

Baba anasema kufuma ni kazi ya kike. (Kijana wa kiume, Iringa)

Mwambie mzee kwa heshima kwamba mashine ya kwanza ya kufuma soksi ilibuniwa na mwanamume, kasisi William Lee, Uingereza, mwaka 1589. Kisha mfumie sweta.

Naweza kukata kitambaa cha kufuma kwa mkasi kama kitenge? (Fundi cherehani, Morogoro)

Unaweza, lakini kabla ya kukata shona mistari miwili ya zigizaga pande zote mbili za mahali mkasi utakapopita, au pitisha ovaloki mara tu baada ya kukata, kabla hujakiinua kitambaa mezani. Akriliki laini hufumuka haraka. Sufu hukusubiri kidogo. Kwenye bega shona pamoja na utepe mwembamba wa pamba, la sivyo sweta itashuka hadi magotini kwa uzito wake yenyewe.