Maswali ya Wasomaji: Wanafungua Barua Zangu, Mbona Hawajibu?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Kwa miaka miwili sasa ninaandika kijarida cha kila wiki ninachokituma kwa barua pepe, kinachohusu utunzaji na ukarabati wa cherehani za zamani. Waliojiandikisha wanakaribia elfu mbili, na takwimu ninazopewa na huduma ninayotumia kutuma zinaonyesha kwamba karibu nusu yao hufungua kila toleo. Hata hivyo, ni nadra sana mtu kunijibu. Kila toleo ninalihitimisha kwa kuwaomba wasomaji watoe maoni yao bila kusita, na kimya kinabaki kilekile. Rafiki yangu amenishauri niweke jina la kila msomaji mwanzoni mwa barua na nisimulie zaidi maisha yangu ya nyumbani ili wanizoee. Je, ndivyo uhusiano wa kweli na wasomaji unavyojengwa?
Fundi Anayeandika

JIBU: Ndugu Fundi, asante kwa barua yako iliyonyooka. Ningependa kwanza tuiweke kando hiyo nusu unayoonyeshwa, kwa sababu haikuelezi ukweli kuhusu watu wako. Huduma za kutuma vijarida hutambua kwamba barua imefunguliwa kwa kuweka ndani yake picha ndogo mno isiyoonekana kwa macho. Picha hiyo ikipakuliwa, barua huhesabiwa kuwa imefunguliwa. Tangu Septemba 2021, kampuni ya Apple imewawezesha watumiaji wa programu yake ya barua kuficha nyendo zao, na kwa wale waliokubali, picha hizo hupakuliwa kupitia seva za kampuni hata kama mwenye simu hajaigusa barua. Wapo pia wanaozuia picha zote, ambao hawahesabiwi kamwe ilhali wanasoma hadi nukta ya mwisho. Kwa takwimu hiyo, basi, huwezi kujua ni nani anayekusoma, wala anakusoma kwa moyo gani.

Pili, hakikisha kwamba wasomaji wako wanaweza kukujibu. Huduma nyingi huruhusu kijarida kitumwe kutoka anwani isiyopokea majibu, na baadhi ya waandishi huichagua ili kisanduku chao kisijae. Jitumie toleo moja, ubonyeze kitufe cha kujibu, uandike sentensi mbili, kisha uone zinaishia wapi. Majibu yakipotea njiani, au yakiingia katika kisanduku ambacho hakuna anayekifungua, huenda wasomaji wako walishajaribu kuzungumza nawe wakakata tamaa.

Nikija kwenye ombi lako la mwisho wa kila toleo, naona hapo ndipo penye tatizo kubwa. Ukimwambia mtu atoe maoni bila kusita, unamwachia kazi yote: atafute jambo la kusema, apime kama lina uzito, na ajiulize kama kweli kuna mtu anayelisubiri. Wengi hawana nafasi ya kufanya hivyo wakiwa wanasoma kwenye foleni au kabla ya kulala. Muulize badala yake jambo ambalo jibu lake tayari analo. Ukiwa umeandika juu ya cherehani inayoruka mishono, uliza papo hapo, katikati ya maelezo: "Yako ikiruka mishono, huwa unaanza kukagua nini: sindano, uzi wa chini, au mafuta?" Swali la namna hiyo hujibiwa kwa maneno matatu, na mtu aliyekwisha kuandika maneno matatu mara nyingi huongeza la nne, kisha akaeleza habari za mashine yake. Uliza swali moja tu kwa toleo, na uulize lile ambalo wewe mwenyewe unahitaji jibu lake. Msomaji hutambua upesi anapoulizwa kwa desturi tu.

Wakati ambao msomaji yuko tayari zaidi kukuandikia ni ule anapojiandikisha, kwa kuwa jambo lililomleta bado liko akilini mwake. Barua ya kukaribisha inayojituma yenyewe mara nyingi huwa na shukrani, ratiba, na viungo vya matoleo yaliyopita. Ifupishe, kisha umuulize ana cherehani gani na ilimfikiaje. Tuseme mtu anakujibu hivi: "Ni ya marehemu mama yangu. Haijatumika tangu alipofariki, na gurudumu halizunguki." Ukimwandikia, "Asante sana kwa maoni yako mazuri, endelea kutufuatilia," umemwonyesha kwamba barua yake ingeweza kuwa ya mtu yeyote. Lakini ukimwandikia, "Pole sana kwa kumpoteza mama. Usilazimishe gurudumu, mafuta ya zamani hukauka yakanata kwenye vyuma. Tia mafuta ya cherehani katika matundu yake, uiache hadi kesho, kisha ulizungushe taratibu kwa mkono, na unieleze limefika wapi," umemjibu yeye peke yake, na umempa sababu ya kukuandikia tena. Barua kama hiyo haikuchukui hata dakika tano. Huwezi kuwaandikia watu elfu mbili namna hiyo kwa siku moja, wala hakuna anayekudai ufanye hivyo. Watakaokujibu watakuwa wachache, na hao wachache wanastahili kujibiwa kwa mkono wako.

Baada ya hapo, majibu yaingie katika kazi yenyewe. Msomaji akikusahihisha, andika katika toleo linalofuata kwamba umesahihishwa na kwa hoja gani. Maswali matatu yakifanana, yafanye kuwa toleo. Omba ruhusa kabla ya kunukuu barua ya mtu, hata kama hutataja jina lake, kwa kuwa aliiandika kwako na si kwa watu elfu mbili. Hata safu kama hii unayoisoma imetokana na fikra hiyo: mwaka 1691, huko London, mchapishaji John Dunton alianzisha gazeti lililojengwa juu ya maswali ya wasomaji, wakiuliza kuhusu dini, maumbile na ndoa bila majina yao kutajwa, na majibu yakachapishwa ili wote wayasome. Msomaji anayeona swali la mwenzake limepata jibu hupata ujasiri wa kuuliza lake.

Kuhusu ushauri wa rafiki yako, sikubaliani naye katika jambo la majina. Jina linalopachikwa na mashine halimdanganyi mtu, na mara nyingi huleta aibu, kwa sababu watu hujiandikisha kwa herufi moja, kwa jina la biashara, au kwa jina la mtoto. Tumia jina la mtu pale unapomwandikia wewe mwenyewe.

Suala la maisha yako ya nyumbani linahitaji uangalifu zaidi. Mwaka 1956, watafiti Donald Horton na R. Richard Wohl walieleza jinsi watazamaji wa televisheni na wasikilizaji wa redio wanavyojihisi kuwa na urafiki na mtangazaji asiyewafahamu hata kidogo. Maelezo yao yanafaa vilevile kwa kijarida. Kadiri unavyosimulia habari zako, ndivyo msomaji anavyozidi kukufahamu wewe, huku wewe ukiwa hujamfahamu yeye. Anaweza kukupenda kwa dhati, lakini uhusiano huo una upande mmoja tu. Sisemi ujifiche. Simulia la kwako pale linapolibeba somo: ulijifunzia wapi, mashine ipi ilikushinda, kwa nini kazi hii umeipenda. Habari za familia ambazo hazihusiani na cherehani si lazima zisomwe na watu elfu mbili, na ukizizoesha barua zako, wasomaji watazitarajia hata siku utakapotaka kunyamaza.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika kijarida kuhusu malezi ya watoto wadogo. Msomaji mmoja alianza kwa maswali ya kawaida kuhusu usingizi wa mtoto wake, nami nikamjibu kwa furaha. Sasa ananiandikia karibu kila siku juu ya matatizo ya ndoa yake. Ninamhurumia, lakini nimeelemewa, na nimeanza kuziacha barua zake bila kuzifungua. Nifanyeje?
Mama wa Wawili

JIBU: Dada yangu, pole. Ulimsikiliza mtu ambaye pengine hakuwa na mwingine wa kumsikiliza, na hilo ni jema. Hata hivyo, kunyamaza ghafla kutamuumiza kuliko kumwambia ukweli, kwa sababu atabaki akijiuliza amekukosea nini. Mwandikie mapema, kwa upole na kwa maneno yasiyoacha shaka. Unaweza kusema: "Nimesoma barua zako, na ninaona una mzigo mzito. Kuhusu mtoto, nitaendelea kukujibu mara moja kwa wiki. Haya ya ndoa yanahitaji mtu aliye karibu nawe, anayeweza kukusikiliza ana kwa ana na kukufuatilia; mimi kwa barua siwezi kukusaidia inavyostahili." Usiahidi zaidi ya unavyoweza, na ulilolisema ulitimize, hata kama wiki hiyo una mistari minne tu ya kumwandikia.

Fungua kwanza zile barua ulizoziacha. Ukiona dalili kwamba yeye au mtoto yuko hatarini, usisubiri siku ya zamu yake: mjibu mara moja, umsihi awasiliane na polisi, hospitali, au ndugu anayemwamini. Na mambo aliyokueleza yasiingie katika kijarida chako kwa sura yoyote, hata ukibadilisha majina, kwani yeye mwenyewe ni msomaji wako na atajitambua.

SWALI: Je, ni vizuri kuwaandikia wanaojiondoa katika orodha yangu ili niwaulize wameondoka kwa nini?
Mwandishi Mpya

JIBU: Hapana. Aliyejiondoa ameomba usimwandikie tena, na barua ya kumuuliza sababu inalivunja ombi hilo siku ileile. Ukitaka kujua, weka swali moja la hiari kwenye ukurasa anaouona anapojiondoa, apite bila kulijibu akipenda. Kitufe chenyewe kionekane wazi. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinawataka wanaotuma barua nyingi waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na wahakikishe kwamba malalamiko ya barua taka yanabaki chini ya asilimia 0.3. Msomaji asiyeona njia ya kutoka huitia barua yako alama ya barua taka, na malalamiko ya namna hiyo yakiongezeka, hata wale wanaokusubiri kila wiki wanaweza wasiipate.

Kwa wale ambao hawajajiondoa lakini hawajabofya chochote wala kukujibu kwa miezi mingi, waandikie mara moja tu, uwaulize kama bado wanapenda kuendelea. Iwe barua fupi isiyo na lawama, na uwaeleze kwamba jibu la neno moja linatosha. Watakaojibu waandikie, nao wasiojibu waondoe kwa amani.